Kiegemeo cha kichwa: anza na paji la uso

Ndugu, umesema mnataka kuchonga kiegemeo cha sliti lampu, ile darubini ya kupimia macho kwa mwanga mwembamba, maana wagonjwa wanarudi nyuma katikati ya kipimo na taswira inapotea, basi mi nakushauri usianze na kidevu, anza na paji la uso, kichwa kinaanza kurudi nyuma hapo, mkanda uwe mpana na uliopinda kufuata paji. Cha kidevu kipande na kushuka kwa skrubu, alafu kwenye nguzo ya pembeni chora alama, kona ya nje ya jicho ikae usawa wake, ukikosea hapo darubini inaishiwa nafasi ya kupanda au kushuka. Na kiti na meza jamani! Mgonjwa akinyoosha shingo lazima achoke, hasa bibi mwenye kibiongo, meza iweze kushuka na kumsogelea. Plastiki isiyonyonya maji, ifutwe na spiriti kila mgonjwa.