Mjomba atoke, turubai libaki

SWALI: Nafundisha darasa la tano hapa Ujiji. Nimetunga hadithi ya kurasa 8: baba yake Chausiku, mvuvi wa dagaa, anaumia mguu, maisha yanakuwa magumu, rafiki yake Zawadi anamfariji, mwishoni mjomba anashuka na treni kutoka Dar es Salaam na kulipa kila kitu. Nikiwasomea wanafunzi, kufika ukurasa wa tatu wanachezea kalamu. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, mjomba ndiye anayeiua hadithi. Msomaji wa miaka 10 au 11 anataka kumwona mtoto mwenzake akihangaika na kuamua. Mtu mzima mwenye hela akitokea, yote yaliyotangulia yanakuwa kungoja treni tu. Kama humwachi, basi afike mikono mitupu, au afike mambo yameshakwisha.

Halafu hiyo "maisha yalikuwa magumu" haionekani kwa macho. Andika hivi: "Mama alipima vikombe viwili vya unga. Akakiangalia cha pili, akakirudisha mfukoni." Inatosha, endelea.

Shida yenyewe itoke kwenye kazi mnayoijua. Dagaa wakianikwa mchangani, jua likiwa kali wanakauka kwa siku moja. Mvua ikiwakuta wabichi, wanavunda na bei inaanguka. Basi Chausiku ameachiwa beseni nne za dagaa wa mama yake. Hatua ishirini pembeni Zawadi anaanika wa kwao. Turubai ni moja, la kina Zawadi, na wingu linapanda kutoka upande wa Kongo. Una familia, urafiki na mtihani mahali pamoja, wala hujalitaja neno "changamoto", ambalo watoto wameshalichoka.

Zawadi asiwe wa kufariji tu. Mpe cha kupoteza: akifunika dagaa wa Chausiku, wa kwao wataloa. Chausiku naye awe na kosa lake. Tuseme juzi alimnyima Zawadi beseni. Anapokwenda kuomba turubai mara ya kwanza, akataliwe kwa sababu ya beseni hilo, si kwa bahati mbaya. Mara ya pili aje na kitu mkononi, au aje kusaidia kuanua. Watakaloamua wale wawili ndilo mwisho wa hadithi.

Ukurasa wa pili una kosa ambalo watoto wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapo Kigoma, watalicheka: baba anavua kwa karabai na mbalamwezi imewaka. Dagaa hufuata taa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, na wavuvi wengi hupumzika. Siku hizo ndizo hela hukauka nyumbani, kwa hiyo kosa lako laweza kuwa mwanzo mzuri.

Urefu: maneno 1,200 yatakuchukua dakika kama 10 kwa sauti. Ufute maelezo yote ya ukoo, uanze wingu limeshaonekana. Ukiwasomea tena, weka alama pale kalamu ya kwanza inapoguswa, kisha kata sentensi zilizo kabla ya alama. Kuchoka huanza mapema kuliko mikono.

SWALI: Mhusika wangu ni bibi wa Kasulu. Aongee Kiha?

JIBU: Salamu na neno moja au mawili, basi. Maana ijitokeze kwenye jibu la mjukuu, si kwenye mabano. Na mjukuu aanze kwa kumwamkia; mtoto anayemvamia bibi kwa maswali kabla ya salamu, msomaji wa huko atamshangaa.