Hizi grupu za domeni zinakuaje hivi? Jibu kwa mdau aliyetumiwa ofa ya kuuza kampuni

Mkuu nimeusoma uzi wako wote. Kwa ambao hawajausoma, jamaa ana kampuni ndogo ya kuuza domeni (yale majina ya tovuti yanayoishia .com au .co.tz) na kuhosti tovuti, yaani kuziweka kwenye seva zake, pale Sinza, kuna grupu la nje, yaani kampuni kubwa inayomiliki kampuni nyingi za aina hiyo, limemtumia barua pepe linataka kuinunua, sasa anauliza mawili: hawa jamaa wanakuaje wakubwa namna hii wakati faida ya domeni ni vijisenti, na wanamtakia nini yeye mdogo. Mi nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kampuni ya aina hiyo hiyo Kijitonyama, upande wa huduma kwa wateja, ikanunuliwa nikiwa ndani. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Kwenye vijisenti upo sahihi kabisa. Bei ya jumla ya .com inayotoka Verisign, kampuni ya Marekani inayoendesha .com zote, ilipanda Septemba 2024 ikawa dola 10.26 kwa mwaka, juu yake ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandaoni duniani, wanachukua senti kama 20. Hiyo ni bei anayoipata msajili, yaani kampuni iliyoruhusiwa kusajili majina moja kwa moja, wewe ni risela, muuzaji wa rejareja upo chini yake, na yeye kashaweka chake, hapo hujagusa makato ya benki ya kulipia dola, halafu mteja wa Mwenge anakwambia mbona Namecheap, wale wauza domeni wa Marekani, ni rahisi. Ile 2023 dola ilipoadimika sisi tulikuwa tunauza kwa shilingi bei ya jana tunalipia kwa dola bei ya leo, kuna majina tuliyahuisha (tuliyalipia mwaka mwingine) kwa hasara kabisa ili mteja asiondoke. Kwenye jina lenyewe hamna hela, na wakubwa wanalijua hilo kuliko sisi.

Hela ipo kwa mteja anayerudi kulipa kila mwaka. Mtu akishaandika domeni yake kwenye bizinesi kadi, kwenye muhuri, ubavuni mwa kirikuu chake cha mzigo, huyo hahami hovyo, maana kuiacha ni kupoteza na barua pepe zote za ofisi. Kwahiyo anayenunua kampuni ya domeni ananunua nyumba ambayo tayari ina wapangaji. Kumtafuta mteja mmoja mmoja kwa matangazo ni gharama kubwa na wengi wao hawarudi mwaka wa pili, sasa badala ya kuhangaika hivyo grupu linachukua mkopo au hela za mfuko wa uwekezaji, linanunua kampuni nzima yenye wateja waliokwishazoea kulipa, mifumo inaunganishwa iwe mmoja, wafanyakazi wanapunguzwa, halafu linahamia kwa kampuni inayofuata. Ndo kukua kwenyewe huko.

Angalia mifano. Januari 2017 Tucows, wauza domeni wa Toronto, waliinunua eNom, msajili mwenzao, kwa dola milioni 83.5, ikapata majina zaidi ya milioni 14 kwa mpigo, piga hesabu ni kama dola sita kwa kila jina. Bei ni ndogo hivyo kwasababu eNom ilikuwa inauza kwa marisela, yaani mteja wa mwisho hakuwa wake. Sasa linganisha na GoDaddy, wauza domeni wakubwa wa Arizona, Marekani, ambao mwaka huo huo walikamilisha kuinunua Host Europe Group, grupu la domeni na hosti la Ulaya, kwa euro bilioni 1.69. Hao walikuwa na wateja kama milioni 1.7, hapo ni karibu euro elfu moja kwa kichwa! Najua ndani yake kulikuwa na biashara ya seva kubwa kubwa ambayo waliiuza baadaye, lakini hata ukiitoa bado tofauti ni mbingu na ardhi, kwasababu hawa ni wateja wa moja kwa moja, wana domeni, wana hosti, wana barua pepe, wana cheti cha SSL (kile cha usalama kinacholeta alama ya kufuli kwenye tovuti), wote wanalipa sehemu moja. Mkuu hiyo tofauti ishike sana, ndo itakayoamua bei yako.

Na wengi hapa mmenunua hosti ya Bluehost mkaona huduma mbovu mkahamia HostGator. Zote mbili zipo chini ya Newfold Digital, grupu lililozaliwa 2021 baada ya Endurance kuunganishwa na Web.com, yote makampuni ya domeni na hosti ya Marekani, na humo humo kuna Network Solutions, ile iliyokuwa inauza .com peke yake dunia nzima mpaka 1999 ushindani ulipofunguliwa. Hiyo Network Solutions ina historia inayofundisha sana. Verisign waliinunua mwaka 2000 kwa hisa za thamani ya dola bilioni 21 hivi, 2003 wakauza ule upande wa kusajili wateja kwa kama dola milioni 100 tu, ila rejistri ya .com, yaani daftari kuu la majina yote ya .com, wakabaki nayo hadi leo. Bei ya jumla wanaikusanya kwa kila .com duniani, awe amenunua Arizona au Tandika.

Sasa kwanini wewe mdogo. Mteja wa Bongo anataka Lipa Namba, anataka risiti ya EFD, anataka mtu wa kumpigia simu anayeongea Kiswahili, na kwenye zabuni na ofisi nyingi anataka .co.tz. Grupu la nje likianza hapa kutoka sifuri litahangaika sana kuyajenga hayo, wewe unayo tayari. Wanachonunua ni imani ya watu kwako.

Kwetu ilivyokuwa: mwanzoni hamna kilichobadilika, nembo ile ile, namba ya simu ile ile, wateja hawakuambiwa. Baadaye malipo yakahamishiwa kwenye mfumo wao, bei ya kuhuisha ikapanda, tiketi, yaani maombi ya msaada ya wateja, zikawa zinajibiwa na watu wa nchi nyingine kwa Kiingereza kirefu ambacho mama mwenye duka la vitenge hana muda nacho. Wateja wakawa wanampigia bosi wa zamani kwenye simu yake binafsi mpaka usiku. Iliniuma sana, maana hao watu tuliwakusanya mmoja mmoja.

Ila kilichoipunguza bei kabla hata ya mkataba kilikuwa kwenye rekodi zetu. Walipotaka orodha ya wateja tukakuta barua pepe za Yahoo zilizokufa zamani, namba za simu zisizopatikana, na domeni kibao zimeandikishwa kwa jina la fundi aliyetengeneza tovuti, mwenye biashara hayumo kabisa. Kuna mzee wa vipuri Gerezani, domeni yake ilikuwa kwenye barua pepe ya kijana aliyemtengenezea tovuti halafu akahamia Mwanza. Taarifa za kuhuisha zikawa zinaenda kwa kijana ambaye hazifungui, jina likaisha muda likapitiliza mpaka kwenye siku 30 za kukombolewa, ambapo .com inatozwa faini kubwa kuliko bei yake. Mzee kaja ofisini na leseni ya biashara mkononi, ananiambia kijana wangu hili duka ni langu tangu 1994, iweje mtandaoni si langu? Tulilikomboa, kijana akapatikana akatuma idhini, nikambadilishia kila kitu mbele ya macho yake. Grupu likakata bei kwa ajili ya wateja wa aina yake, wakasema mteja asiyefikika hawamhesabu, na kwa kweli wana haki.

Kuhusu ofa yenyewe, mi sikwambii usiuze. Ila wasikuhesabie kwa idadi ya majina, wakishika hiyo njia utaishia kwenye dola sita za eNom. Wapeleke kwenye mapato ya kuhuisha ya mwaka mzima na asilimia ya wateja wanaorudi. Watakuambia sehemu ya hela utapewa baada ya mwaka kama wateja hawajakimbia, hilo ni kawaida ya hizi biashara, lakini kama wao ndo watapandisha bei na kuhamisha simu ya huduma halafu wateja wakimbie, wewe unakatwa kwa kosa lao, kwahiyo iandikwe kwenye mkataba kwamba bei na namba ya Dar hazibadiliki ndani ya kipindi hicho. Tafuta wakili anayezijua hizi kazi, wa viwanja peke yake hakufai hapa.

Kabla hujawajibu fungua WHMCS yako, ule mfumo wako wa ankara na wateja, toa orodha ya domeni zote, tazama kila moja imeandikishwa kwa nani na barua pepe yake kama inafanya kazi, anza kuwapigia. Itakula wiki kadhaa. Ukimaliza njoo PM tuziangalie hizo namba pamoja.