Mnaoanza kudizaini ventileta, msianze na mota

Wadogo zangu mnaoingia kwenye vifaa tiba hapa Dodoma, naona mkipewa projekti ya ventileta, mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, wengi mnakimbilia mota, ambu (ule mfuko wa kubinya kumpa mgonjwa pumzi) ikishabinywa na mkono wa chuma na video ikapigwa basi mnaona kazi imeisha. Kubinya ndo sehemu rahisi jamani. Kipindi cha corona 2020 mashine za hivyo zilibuniwa kila kona ya dunia, nyingi hazikumfikia mgonjwa.

Anza na pafu. Mgonjwa mwenye ARDS, yaani mapafu yameshindwa ghafla kufanya kazi, sehemu kubwa ya pafu imejaa majimaji, inayopokea hewa ni ndogo, sasa ukiisukumia pumzi kubwa unaijeruhi. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 walilinganisha pumzi ya mililita 12 kwa kila kilo ya mgonjwa na ya mililita 6, vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 40 hadi 31, yaani ni seting tu hiyo, hakuna dawa mpya! Na kilo zenyewe sio za mzani, zinapigwa kwa urefu: mwanaume wa sentimita 170 anahesabiwa kilo 66, kwa hiyo pumzi yake ni kama mililita 400 hata awe na kitambi cha namna gani. Presha ya pafu, ile inayopimwa pumzi ikishaingia na hewa ikatulia, isizidi sentimita 30 za maji.

Sasa hizo mililita 400 utazijuaje kama sensa ya kupima hewa inakudanganya? Dodoma tupo mita 1,100 na ushee juu ya bahari, hewa ni nyepesi kama asilimia 12 kuliko ya Dar, na sensa ya waya wa moto inapima uzito wa hewa sio ujazo, usipoweka marekebisho itasoma pungufu na mashine itamwongezea mgonjwa pumzi asiyoihitaji. Blowa, ile feni ya kusukuma hewa, nayo huku inatoa presha ndogo kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi yake, mzunguko ukiwa uleule. Vumbi letu mnalijua, filta ya kuingizia hewa iwe ya kuchomoka bila bisibisi.

Halafu hewa kutoka. Vali ya kutolea hewa ikinasa ikiwa imefunga, pumzi zinarundikana kifuani na presha ya damu inaanguka, kwa hiyo hiyo vali umeme ukikata ijifungue yenyewe, na mgonjwa aweze kuvuta hewa ya chumbani. Alamu ya mpira wa hewa kuchomoka kwa mgonjwa iwe na betri yake, ilie hadi nesi aliye kitanda cha mwisho asikie. Chomoeni umeme, bana mpira, ziba filta, mkiwa kwenye pafu la majaribio, kabla hamjagusa hiyo mota.