Kwa mnaoanza kazi za mambo ya nje: msimamo una bei, ijueni kabla haujatangazwa

Wadogo zangu mnaomaliza uhusiano wa kimataifa mwaka huu, na nyie mliopangiwa wizarani juzi juzi, nawaandikia kwa sababu naona mnafundishwa nadharia nyingi halafu mtu anaingia ofisini akidhani sera ya nje ni ile hotuba ya rais UN kule New York. Hotuba ndo inakuja mwisho kabisa. Sera inafaulu au inakufa mapema zaidi, pale watu wanapokaa na kuulizana huu msimamo utatugharimu nini, nani atalipa, na tutaweza kulipa mpaka lini. Nchi ikishindwa kujibu hayo haifiki mbali, hata kama msimamo wenyewe ni wa haki tupu.

Someni vizuri mwaka 1965. Mwanzoni mwa mwaka ule Ujerumani Magharibi ilikata msaada wa kijeshi kwa Tanzania kwa sababu ya Ujerumani Mashariki kuruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo huku kwetu, Nyerere akawaambia basi chukueni na ile mingine. Desemba ikaja ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), mawaziri wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, wakakubaliana Addis Ababa kwamba kama Uingereza haijauzima utawala wa walowezi wa Ian Smith uliojitangazia uhuru mpaka tarehe 15 basi wanachama wavunje uhusiano nayo, siku ilipofika waliovunja kweli hawakufika hata kumi. Tanzania ilivunja, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukaishia hapo hapo. Lakini angalieni alichofanya Nyerere, tarehe 14 alisimama bungeni akaeleza kwa kirefu kwa nini tunafanya hivi. Yaani walioenda kubeba maumivu waliambiwa kabla. Ndo maana msimamo haukuyumba, na uhusiano uliporudi 1968 hakuna aliyetuona tumepiga magoti.

Faida nayo huwa inachelewa, msiikatie tamaa haraka. Usiku wa 25 Oktoba 1971 azimio namba 2758 la Baraza Kuu la UN lilipita kwa kura 76 dhidi ya 35, nchi 17 hazikuegemea upande, China ya Beijing ikapata kiti chake UN badala ya Taiwan iliyokuwa inaungwa mkono na Marekani, na balozi wetu Salim Ahmed Salim, hajafika hata miaka 30, alikuwa kwenye shangwe za ukumbini ambazo Wamarekani hawakuzisahau. Miaka kumi baadaye Salim anagombea ukatibu mkuu wa UN, Marekani inampigia veto, China nayo inampigia Kurt Waldheim, katibu mkuu aliyekuwa anatetea kiti, veto mara 16, mwisho wote wawili wakakaa pembeni akapita Javier Pérez de Cuéllar. Wapo wanaosema pale tulipoteza. Mimi nawaambia hesabuni na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, mkopo wa China usio na riba baada ya nchi za magharibi kukataa kuijenga, hiyo nayo ni matunda ya uhusiano ule ule.

Sasa msidhani kila kitu cha enzi zile kilifanikiwa. Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria, tuliitambua 13 Aprili 1968, Afrika wakatufuata Gabon, Ivory Coast na Zambia basi, Januari 1970 Biafra ikasalimu amri. Nia ilikuwa njema kabisa, watu walikuwa wanakufa kwa njaa kule, ila hatukuwa na njia yoyote ya kubadili matokeo zaidi ya tamko lenyewe. Na vita ya Kagera ndo somo gumu kuliko yote. Tulishinda, Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979, lakini wakati ule hakuna aliyetulipa gharama zile, wananchi wakaambiwa wafunge mkanda miezi 18, miezi ikapita sabuni na sukari bado ni foleni, na kufika 1986 nchi ambayo ilikuwa imewakatalia IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) inasaini nao makubaliano. Nchi ikishaishiwa fedha za kigeni sauti yake nje inapungua, hata iwe na mabalozi hodari namna gani, kwahiyo kijana wa mambo ya nje asiyesoma bajeti ya nchi yake hajaanza kazi bado.

Kuna mfano wa karibuni wa majirani zetu Kenya ambao napenda kila anayeanza aujue. Septemba 14, 2022, siku moja tu baada ya Ruto kuapishwa, akaunti yake ikatoa twiti kwamba Kenya imeacha kuitambua Sahrawi, jamhuri inayodai uhuru wa Sahara Magharibi kutoka Morocco, na rais wa Sahrawi mwenyewe alikuwa ametoka kuhudhuria sherehe ya kuapishwa. Twiti ikafutwa, afu wizara ikawaandikia mabalozi kuwakumbusha kwamba sera ya nje haiendeshwi kwa Twitter. Aibu iliyoje kwa afisa wa Kenya aliyeko Algiers, kwa Waalgeria wanaowaunga mkono Wasahrawi, asubuhi ile, anaulizwa msimamo na hana karatasi. Lakini Mei 2025 Mudavadi, akiwa waziri wa mambo ya nje wa Kenya, alienda Rabat, mji mkuu wa Morocco, ubalozi wa Kenya ukafunguliwa, tamko la pamoja likatoka likiunga mkono mpango wa Morocco wa kuipa Sahara Magharibi mamlaka ya ndani tu chini yake. Mimi msimamo wenyewe siukubali, Wasahrawi wana haki ya kuulizwa wanataka nini. Ila safari hii haukufutwa kesho yake maana kulikuwa na maandalizi nyuma yake.

Kwahiyo ukipangiwa dawati la nchi fulani, wiki ya kwanza kashinde masijala. Soma faili la zamani, angalia waliokutangulia waliahidi nini, maana wenzako wa upande wa pili wanakumbuka na watakutolea barua mezani. Ukiandika dokezo la waziri lisizidi ukurasa mmoja, weka wao wanataka nini, sisi tunataka nini, tukikubali Hazina inatoa shilingi ngapi, tukikataa nani ananuna na ana kitu gani cha kutunyima. Hicho kipengele cha mwisho vijana wengi wanakiruka kwa kuogopa kuonekana wanampinga bosi. Kiandike.

Na zikija kampeni za kura uwe makini mara mbili. Kenya iliipiga Djibouti kura 129 kwa 62 kwenye kiti cha Baraza la Usalama 2020, afu Februari 2025 kule Addis Raila akaongoza raundi mbili za mwanzo na mwisho kiti cha mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika (AU) kikaenda kwa Mahamoud Ali Youssouf wa Djibouti hiyo hiyo. Kura ni ya siri na inatakiwa theluthi mbili, kwahiyo jedwali lako litenganishe walioandika barua, walioahidi kwa mdomo, na waliotabasamu tu, na kwa kila nchi ujue mgombea wako ni chaguo lao la ngapi endapo mgombea wao wa kwanza atatoka.