Usiipake keki krimu kabla haijapoa

Keki nyingi za nyumbani hutoka kwenye oveni salama kabisa, zikaharibikia mezani. Mtu anaipaka krimu ya siagi keki ikiwa bado vuguvugu. Siagi haihitaji moto kuyeyuka, nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi tu zinatosha. Basi tabaka la juu linaanza kuteleza, krimu inachuruzika, na hapo hakuna pambo litakaloficha. Mimi huoka jioni, keki zikishapoa nazifunga kwa nailoni na kuzilaza kwenye friji, kupaka ni kesho yake. Keki baridi hushikana, haimong'onyoki ovyo.

Krimu yangu ni gramu 250 za siagi, gramu 500 za sukari ya aisingi (ile laini kama unga) iliyochekechwa, kijiko kimoja au viwili vya maziwa na chumvi kidogo sana. Siagi iwe laini: ukiibonyeza, kidole kiache alama, lakini isiwe inang'aa mafuta. Krimu ikilegea, usikimbilie kuongeza sukari, utamu utachosha. Itie kwenye friji dakika 10 au 15, kisha uipige tena.

Vichwa vya keki vilivyovimba vikate kwa kisu cha meno. Ukizipandanisha keki, tabaka la mwisho lilaze kifudifudi, ule upande uliokaa chini kwenye trei uwe juu. Uko sawa na hauna chenga.

Sasa nakuomba usiharakishe. Keki hupakwa mikono miwili, yaani mara mbili, kama ukuta unavyopakwa rangi. Mkono wa kwanza uwe mwembamba, hadi keki ionekane kwa ndani. Kazi yake ni kunasa chenga tu. Kisu kikizibeba, kifute kwenye bakuli la pembeni, kamwe usikirudishe kwenye krimu safi. Weka keki kwenye friji kama dakika 30, mpaka ukiigusa krimu isinate kidoleni.

Mkono wa pili, usione uchungu: weka krimu nyingi juu, katikati, uisukume hadi ifurike kingoni, ndipo uishushe ubavuni. Kisu kiguse krimu, kisiguse keki. Iliyozidi utaikwangua. Kumalizia, chovya kisu bapa kwenye maji ya moto, kikaushe, ukipitishe taratibu juu na pembeni.

Ukiihifadhi kwenye friji, itoe kama saa moja kabla ya kuikata. Siagi baridi huwa ngumu mdomoni, na ladha yake haijitokezi.