Msomaji Auliza: King'amuzi Gani Kinafaa Nyumbani Kwangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu, ninaishi Buswelu jijini Mwanza na familia ya watu saba. Antena tunayotumia inakwamakwama kwa sababu nyumba yetu imejificha nyuma ya mlima wa mawe, na sasa tumekubaliana kununua king'amuzi cha dishi. Mume wangu anataka mpira, watoto wanataka katuni, na mama mkwe hataki kukosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Fundi wa mtaani ananiambia dishi ni dishi, ninunue lililo rahisi. Nifanye uamuzi kwa kufuata nini?

JIBU: Ndugu Mwalimu, watu wengi huanza na mpira, kisha katuni, na mahitaji ya mzee wa nyumba huja mwisho. Mimi ningekushauri uanze na mama mkwe wako, kwa kuwa anachokitaka yeye ndicho kinachopaswa kuendelea kuonekana hata mwezi ambao fedha ya kifurushi haikupatikana. Mwezi huo utakuja, hasa Januari ada na sare za shule zinapogongana, na hapo ndipo tofauti kati ya king'amuzi kimoja na kingine hujitokeza. Bei ya kununulia hulipwa mara moja tu, ilhali kifurushi hulipwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: nisipolipia, ni chaneli zipi zinabaki?

Jambo hili si dogo. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ilivizuia baadhi ya ving'amuzi vya kulipia kubeba chaneli za ndani zisizolipiwa, baada ya malalamiko kwamba mtazamaji aliyeishiwa kifurushi alikatiwa hata chaneli ambazo alistahili kuziona bure. Kwa sababu hiyo usiridhike na maneno ya muuzaji wala ya jirani. Mwombe muuzaji akuwashie king'amuzi ambacho kifurushi chake kimekwisha, ushike rimoti mwenyewe, na utafute TBC1, ITV, Channel Ten na Star TV ya hapo hapo Mwanza. Zikionekana, umepata jibu la mama mkwe. Ukikuta maandishi ya kukutaka ulipie, umelipata vilevile. Muuzaji anayekataa kukufanyia jaribio hilo la dakika chache hastahili fedha yako.

Kuhusu mpira, mwulize mume wako ni mpira upi hasa. Haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara ziko kwa kampuni ya king'amuzi cha Azam, ambayo mwaka 2021 ilitia saini na TFF, shirikisho la mpira wa miguu nchini, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kama moyo wake uko kwa Simba, Yanga, au Pamba Jiji iliyorejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25, basi uchaguzi umekaribia kujifanya wenyewe. Kama ni Ligi Kuu ya Uingereza, mechi hizo huonyeshwa na SuperSport, ambayo hupatikana DStv, lakini hakikisha ni kifurushi kipi chenye mechi anazozitaka, kwa kuwa kifurushi cha chini kabisa mara nyingi hakina zote. StarTimes, ambayo hapa nchini iliingia ubia na TBC, ina ving'amuzi vya aina mbili, cha antena na cha dishi, na watu wengi hununua cha antena kwa sababu ni rahisi bila kujua kwamba kwa nyumba iliyo nyuma ya jabali kama yako tatizo litabaki pale pale. Katuni zisikusumbue, kampuni zote hizo zinazo.

Fundi wako amesema nusu ya ukweli. Sahani ya chuma inaweza kutumika kwa kampuni yoyote, ila kila kampuni ina satelaiti yake na dishi lazima lielekezwe huko. Satelaiti hizi hukaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita zipatazo 36,000 kutoka ardhini. Ile inayobeba Azam iko kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki, na Mwanza iko mashariki zaidi ya hapo, kwa hiyo ukiwa Mwanza utaikuta upande wa magharibi, imeinuka nyuzi karibu 60 kutoka upeo wa macho. Ile ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu kabisa juu ya utosi wetu. Ukihama kampuni, dishi ligeuzwe na kupimwa upya, na gharama ya fundi uiweke kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Hapo ndipo wakazi wa milimani tuna nafuu ambayo wengi hawaijui. Antena hupokea mawimbi yanayosafiri chini chini kutoka kwenye mnara, na mawe yetu huyakata, lakini dishi hupokea kutoka juu, yaani jabali lililokuzuia miaka yote huenda lisiwe kizuizi tena. Nimesikitika kuona miembe mizuri ikikatwa Isamilo na Nyegezi kwa ajili ya dishi wakati haikuhitajika. Madishi mengi ya nyumbani hutazama juu zaidi kuliko uso wake unavyoonyesha, na mti ulio mbele yake mara nyingi hauko hata kwenye njia ya mawimbi. Fundi akikuambia ukate mti, kwanza mwambie asogeze dishi mita chache, apime, kisha mzungumze.

Mwisho, king'amuzi kisajiliwe kwa jina lako na namba yako ya simu, si ya fundi wala ya muuzaji, na risiti uitunze. Ukipata tatizo, lipeleke kwa kampuni kwanza na uombe namba ya lalamiko. Wasipolitatua, TCRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo hapo Mwanza.

SWALI: Ninaishi Nansio, Ukerewe. Kila mvua kubwa inapokuja, hasa alfajiri, picha inapotea kabisa. Fundi anasema king'amuzi kimezeeka, ninunue kipya. Ni kweli?

JIBU: Usinunue kwanza, ndugu yangu. Picha inayopotea mvua ikianza na kurudi mvua ikikatika haisababishwi na king'amuzi. Mawimbi ya dishi ni mafupi sana, ya sentimita mbili na ushei, na matone mazito ya mvua huyanyonya na kuyatawanya. Nyinyi wa visiwani mnaathirika zaidi usiku kwa sababu hewa baridi inayotoka nchi kavu hukutana juu ya ziwa lenye joto na kuinua mawingu ya radi.

Dhoruba yenyewe hatuwezi kuizuia, ila muda wa kukosa picha unaweza kupungua. Fungua ukurasa wa king'amuzi unaoonyesha mawimbi siku ya jua kali, na utaona vipimo viwili, nguvu na ubora. Angalia ubora. Ubora huo ukiwa chini wakati anga ni safi, dishi limesogea kidogo, na msogeo wa unene wa kidole unatosha kuharibu. Fundi aligeuze taratibu huku mtu mwingine akisoma kipimo ndani, kisha akaze nati zote. Achunguze pia pale waya unapoingia kwenye kichwa cha dishi: akikuta kutu ya kijani, maji yameingia, akate kipande hicho, afunge upya kwa utepe usiopitisha maji na kuuacha waya uning'inie kidogo chini kabla ya kuingia, ili maji yadondokee hapo. Hayo yasipotosha, badilisha sahani uweke pana zaidi. Na radi zikianza, chomoa umeme na waya wa dishi pia, kwa kuwa kuzima kwa rimoti hakulindi chochote.

SWALI: Niko Bukoba. Jamaa ananiuzia king'amuzi cha Uganda kwa bei nafuu, anasema chaneli ni nyingi zaidi. Ninunue?

JIBU: Hapana. Akaunti husajiliwa kwa nchi na vifurushi hupangwa kwa nchi, hivyo utategemea mtu wa ng'ambo akulipie kila mwezi. Kikifungwa, ofisi ya kampuni hiyo upande wa Tanzania haitakuwa na kumbukumbu zako, na TCRA haitakuwa na cha kukusaidia. Zaidi ya hayo, huenda ukakosa chaneli za hapa nyumbani ambazo ndizo zinazokupa habari za mkoa wako.