Insha ya polisi na rangi ya ngozi, usiandikie "jamii nzima"

Mdogo wangu wa Mkwawa, mada uliyopewa ni nzito na inauma kweli. Ila hapo uliposema insha yako ya kushawishi, ya polisi wa Marekani kusimamisha watu kwa rangi ya ngozi, unaiandikia "jamii nzima" ndo pana shida, maana aliyewahi kusimamishwa hahitaji kushawishiwa na mbaguzi wa kutupwa habadiliki hata umwandikie nini, achana nao wote wawili.

Tafuta anayesita. Mi ningemchukua mwenye duka New York, ashavunjiwa kioo cha duka, anaamini ule upekuzi wa barabarani, polisi kumsimamisha mtu njiani na kumpapasa, ndo unamlinda. Huyo kinachomnyima usingizi ni wezi, kwa hiyo ukianza kwa kumwita mbaguzi anafunga masikio hapo hapo. Anza na hofu yake, uiheshimu, halafu mpe namba: mwaka 2011 polisi wa jiji lile walisimamisha watu zaidi ya mara 685,000, wengi wao weusi na Walatino, na karibu 9 kati ya 10 hawakukamatwa wala kuandikiwa kosa. Mwaka 2013 jaji Shira Scheindlin akaamua utaratibu ule ulivunja katiba, upekuzi ukapungua sana na uhalifu haukulipuka kama walivyotishiwa watu. Hiyo ndo hoja itakayomgusa mwenye duka!

Ukiamua kumwandikia diwani wa kule, namba ni zile zile ila ombi libadilike, yeye anataka kujua apigie kura kitu gani.

Aya ya kwanza ukimaliza nitumie niione.